Je, Wajua? Chini ya Bwawa Maji Hayalali

Je, wajua kwamba hakuna bwawa duniani lisilovuja? Hakuna hata moja! La zege, la udongo, la mawe, lililojengwa juzi au lililojengwa enzi za mababu: yote yanapitisha maji, na sehemu kubwa ya maji hayo hupita chini, kwenye msingi, asikokuona mtu. Mhandisi wa mabwawa haulizi kama linavuja. Anauliza ni lita ngapi, na maji yana rangi gani.

Rangi, ndiyo! Yakitoka maangavu, mlinzi wa bwawa anaendelea na chai yake. Yakitoka na tope, hata kijito chembamba tu, chai inaachwa mezani na simu zinapigwa, maana tope lile ni udongo wa bwawa lenyewe unaohama.

Na unajua lita hizo zinapimwa kwa nini? Kwa bati! Maji yaliyovuja huelekezwa kwenye mfereji uliozibwa na bati lililokatwa umbo la V, pembe ya nyuzi 90, kisha mtu anasoma kwa rula kina cha maji yanayopita kwenye pengo. Kina cha sentimita 5 ni kama lita 0.8 kwa sekunde. Sentimita 10 je? Ulikuwa unataka kusema 1.6, nimekuona! Ni lita 4.4, na ndoo ya lita 20 inajaa kabla hujahesabu hadi 5.

Sasa shika kiti. Maji hujaribu kulinyanyua bwawa! Penye kina cha mita 100, kila mita moja ya mraba ya sakafu ya ziwa inabeba msukumo wa tani 100, na maji yakishajipenyeza chini ya ukuta, msukumo huo unageuka kwenda juu. Pale Rufiji, ukuta mkuu wa Bwawa la Julius Nyerere una kimo cha mita 131. Wengi wakisikia namba hiyo huwaza maji yanayousukuma ukuta kwa mbele tu. Ongeza na yale yanayouinua kwa chini.

Wahandisi wengi wa karne ya 19 hawakuiweka nguvu hiyo kwenye hesabu zao. Aprili 1895, bwawa la Bouzey nchini Ufaransa lilipasuka na kuua watu zaidi ya 80, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuisahau. Au tuseme walidhani hawajaisahau: Desemba 1959, Ufaransa hiyohiyo, bwawa la Malpasset lilikwenda na watu 423. Zege lake lilikuwa zima. Kilichoshindwa ni mwamba uliolishikilia upande wa kushoto, ambao maji yalikuwa yameingia ndani yake na kuusukuma.

Dawa ya nguvu hiyo ni ipi? Kutoboa! Naam, chini ya mabwawa ya zege wahandisi huchimba safu ndefu ya matundu kwenye mwamba ili maji yatoke yenyewe, na ndani ya ukuta huacha ujia wa mtu kupita na tochi akikagua. Bwawa linalovuja kwa mpangilio ni salama kuliko lililozibwa kwa kiburi.

Haya, sogea karibu, tuongee udongo. Chukua changarawe na udongo wa mfinyanzi, uzisukume kwa maji ya nguvu ileile. Kwenye mfinyanzi mzuri maji yatasogea sentimita 3. Kwa siku? Kwa mwaka! Na kwenye changarawe, kwa mwaka huohuo, yatakwenda zaidi ya kilomita 300. Ndiyo maana mkanda mmoja wa changarawe uliofichika chini ya bwawa, mwembamba kuliko unene wa mlango, unaweza kumharibia mhandisi hesabu yote.

Aliyetupa kanuni ya mambo haya ni Henry Darcy, mhandisi wa maji wa mji wa Dijon. Alisimamisha bomba la chuma hospitalini, akalijaza mchanga, akapitisha maji na kupima: ukiongeza tofauti ya kina mara mbili, maji yanaongezeka mara mbili, ukirefusha mchanga mara mbili, maji yanapungua nusu. Ni hilo tu! Mwaka 1856 akaichapisha kanuni hiyo kwenye kitabu kuhusu mabomba na chemchemi za mji wake, na unajua aliiweka wapi? Kwenye kiambatisho, kule nyuma.

Kompyuta za mwanzo zilizofanya hesabu za bwawa zilikuwa watoto wa kiume. Unabisha? Mwaka 1910 Mwingereza Lewis Fry Richardson alitaka kujua nguvu zilizomo ndani ya bwawa la mawe, akaligawa bwawa kwenye miraba na kuwaajiri vijana wa kuhesabu mraba kwa mraba. Alilipa kwa kazi iliyofanyika: kwa namba za tarakimu 3, sehemu moja ya 6 ya peni kwa kila nukta. Kijana mmoja mwepesi alimaliza nukta 2,000 kwa wiki, na alizokosea hazikuhesabiwa. Piga hesabu mwenyewe: peni 333 kwa wiki kwa kujumlisha na kugawa.

Huyo Richardson, kabla ya hapo, alikuwa amefanya kazi kwenye kampuni ya mboji, ile inayochimbwa kwenye vinamasi na kukaushwa iwe kuni. Swali lililomkera lilikuwa la maji kupita kwenye udongo: mifereji ichimbwe wapi ili kinamasi kikauke? Kutoka matopeni hadi kwenye njia ya hesabu ambayo programu za leo zinaitumia bado. Mimi mtu huyu namvulia kofia.

Na ngoja, hajaisha! Mlinganyo unaoeleza maji yanavyotembea kwenye udongo ambao haujaloa kikamilifu unaitwa kwa jina la Mmarekani Lorenzo Richards, aliyeuchapisha mwaka 1931. Richardson alikuwa ameuandika mwaka 1922, miaka 9 kabla, ndani ya kitabu cha utabiri wa hali ya hewa. Nani angeutafuta huko?

Sasa twende kwenye uhondo wenyewe. Unaweza kutengeneza modeli ya maji chini ya bwawa leo hii, kwa penseli! Chukua karatasi ya miraba, au fungua Excel, shauri yako. Chora bwawa juu na udongo chini. Kila mraba wa udongo unabeba namba moja: ukizamisha bomba mpaka hapo, maji ndani yake yangesimama mita ngapi juu ya usawa wa mto? Miraba ya juu upande wa ziwa iandikie 20. Miraba ya juu upande wa mto, kule maji yanakotokea, iandikie 0. Kila mraba uliobaki ni wastani wa majirani zake wanne. Majirani ni 20, 16, 14 na 10? Andika 15. Pita mraba hadi mraba, kisha rudi mwanzo upite tena, mpaka namba zichoke kubadilika.

Chini kabisa ya zege je, ambako mraba hauna jirani wa juu? Mhesabu jirani wa chini mara mbili, yaishe. Pembeni na chini kabisa ya karatasi fanya vivyo hivyo. Ukitumia Excel, kwanza ruhusu hesabu za kujirudia kwenye mipangilio, la sivyo itakulalamikia kwamba visanduku vinategemeana vyenyewe kwa vyenyewe. Kweli vinategemeana, na huo ndio utamu wake!

Ukimaliza, shuka na kidole chini ya katikati ya bwawa lako. Kama sakafu yake ni bapa na udongo ni wa aina moja, utasoma 10, 10, 10, mpaka chini kabisa. Nusu kamili ya 20, bila desimali ya ziada! Si bahati, ni ulinganifu: upande mmoja ni kivuli cha mwingine.

Hili la kufuata bado linanichekesha kila nikiliona. Ondoa mchanga wote chini ya bwawa hilo, weka mfinyanzi. Namba zako zinabadilika kiasi gani? Hata moja haibadiliki! Maji yanayopita yanapungua mara maelfu, lakini msukumo unaolinyanyua bwawa, mambo yakishatulia, ni uleule. Ukiona chini ya bwawa pakavu, usidhani hakuna kinachosukuma.

Leo kompyuta ndogo ya mapajani inamaliza modeli ya nukta 100,000 kwa sekunde chache. Yule kijana wa Richardson, kwa kasi yake ya nukta 2,000 kwa wiki, angehitaji wiki 50. Kwa kupita mara moja tu! Na umeona mwenyewe kwamba kupita mara moja hakutoshi.

Tena kompyuta za leo hazipendi sana miraba, zinapenda pembetatu. Pembetatu zinakubali kona yoyote, zinakuwa ndogo penye hatari na kubwa penye utulivu. Mwaka 1965, Zienkiewicz na Cheung waliionyesha dunia kwamba njia ya pembetatu iliyobuniwa kupima nguvu ndani ya mabawa ya ndege na majengo inafaa vilevile kwa joto, umeme na maji yanayopenya ardhini.

Kabla ya hapo watu walifanyaje? Walichora! Mhandisi alikaa na penseli na kifutio, akichora njia za maji zinazopinda chini ya bwawa na mistari ya kuzikata, mpaka visanduku vyote vifanane na miraba iliyopinda. Kisha akahesabu visanduku, basi. Njia 4 za maji, visanduku 12 kwenye kila njia, maji ya mita 20, mchanga laini unaopitisha milimita moja kila sekunde 100: jibu ni ndoo 288 za lita 20 kwa siku, kwa kila mita moja ya urefu wa bwawa. Kwa penseli!

Wengine walitumia umeme. Nikolai Pavlovsky, Mrusi, aligundua mapema karne ya 20 kwamba umeme kwenye kitu kinachoupitisha na maji kwenye mchanga vinafuata mlinganyo mmoja. Ukikata umbo la msingi wa bwawa, ukaunganisha betri pande mbili na kugusagusa kwa mita ya volti, unasoma msukumo wa maji bila kulowesha kidole. Wengine nao walipitisha mafuta mazito kati ya vioo viwili vilivyokaribiana, ujanja wa Mwingereza Hele-Shaw wa mwaka 1898, wakatazama njia za maji kwa macho yao.

Swali la mtego! Chini ya bwawa la udongo kuna tabaka la mchanga. Unajenga ukuta wa kuzuia maji unaoshuka mpaka nusu ya kina cha mchanga huo. Umepunguza uvujaji kwa kiasi gani? Nusu? Hapana: takriban robo tu. Ukitaka kuupunguza kwa nusu, shusha ukuta asilimia 80 ya kina. Maji yanapita popote palipobaki wazi, na yanapita kwa haraka zaidi.

Mmarekani mmoja, Lane, aliona hesabu nyingi zinachosha, akaenda kukusanya habari za mabwawa yaliyosimama na yaliyoanguka, zaidi ya 200. Mwaka 1935 akatoa kanuni ya vidole: kwenye mchanga laini sana, kwa kila mita 1 ya maji yape maji safari ya mita 8.5 chini ya ardhi. Na mita moja ya kushuka wima inahesabiwa sawa na mita tatu za ulalo. Ziwa la mita 10? Mita 85 za safari!

Kwa nini safari ndefu? Kwa sababu maji yanayotoka juu kwa kasi huunyanyua mchanga, na mchanga ukinyanyuliwa unachemka kama uji, bila moto wowote. Mpaka wenyewe ni rahisi kukariri: maji yakipoteza mita moja ya kina ndani ya mita moja ya udongo, mchanga wa kawaida unaanza kuelea. Namba ya kutisha ni 1. Kompyuta inaipaka rangi nyekundu kwenye skrini. Zamani ilionekana kwanza mashambani, nyuma ya bwawa.

Na mchanga ukianza kuondoka, mbio zake hazina huruma. Idaho, Marekani, tarehe 5 Juni 1976: bwawa la Teton, kimo mita 93, linajazwa kwa mara ya kwanza. Saa 1 na nusu asubuhi maji ya tope yanaonekana yakitoka ubavuni. Buldoza mbili zinatumwa kwenda kuziba tundu. Tundu linazimeza zote mbili, madereva wakaponea chupuchupu. Dakika 3 kabla ya saa 6 mchana ukuta unaachia. Kufikia saa 2 usiku ziwa lote limekwisha, na watu 11 wamekufa. Bwawa hilo halikujengwa tena mpaka leo. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya mabwawa ya udongo yaliyoanguka duniani yaliliwa hivyohivyo, kwa ndani.

Je, wajua kuna bwawa lililozibwa kwa mazulia? Hales Bar, kwenye Mto Tennessee, lilisimama juu ya mawe ya chokaa yaliyojaa mapango, likavuja tangu lilipofunguliwa mwaka 1913. Wakasokomeza mazulia, wakasokomeza marobota ya majani makavu, wakamimina lami ya moto. Wapi! Miaka kama 50 baadaye wakakata tamaa, wakajenga jingine chini yake mtoni.

Mosul, Iraki, ndiko kwenye maajabu zaidi. Bwawa kubwa kuliko yote nchini humo limekaa juu ya jasi, jiwe linaloyeyuka majini! Tangu mwaka 1986 wafanyakazi wamekuwa wakiingiza rojo la saruji chini yake kuziba mapengo mapya, zaidi ya tani 50,000, na kazi hiyo haina siku ya kumalizika. Mwaka 2006 wahandisi wa jeshi la Marekani waliliita bwawa la hatari kuliko yote duniani.

Tarbela, Pakistani, 1974: ziwa lilimwagwa baada ya kujazwa mara ya kwanza, na kwenye tandiko la udongo lililolazwa mbele ya ukuta ili kuzuia uvujaji yakakutwa mashimo zaidi ya 300. Wahandisi wakajaza, mashua zikawa zinamwaga udongo hata baada ya maji kurudi. Na aliyewasaidia kuliko wote ni Mto Indus wenyewe, uliotandaza matope yake juu ya mashimo mwaka hadi mwaka mpaka uvujaji ukashuka.

Aswan je? Bwawa Kuu lina kimo cha mita 111, na watalii wanalipiga picha. Pazia la rojo lililo chini yake, kwenye mchanga wa Nile, linashuka zaidi ya mita 150! Sehemu ndefu zaidi ya bwawa lile haijawahi kupigwa picha na mtalii yeyote.

Usidhani kuvuja ni balaa kila mahali. Kitui, Machakos na Makueni wanajenga kuta fupi kwenye mito ya msimu kwa makusudi ili zijae mchanga! Katika kila lita 100 za mchanga huo wa mto, lita 25 hadi 40 zinaweza kuwa maji, na jua la Ukambani haliyafikii. Kiangazi kikikolea unachimba shimo, unakaa pembeni, maji yanakuja yenyewe. Darcy angelipenda.

Udongo halisi hauna subira na hesabu nadhifu. Hapa una mchanga, hatua mbili mbele una mfinyanzi. Ndipo mwaka 1993 Griffiths na Fenton wakaiambia kompyuta ibahatishe: itengeneze msingi wa bwawa wenye mabaka ya nasibu, ihesabu uvujaji, ifute, itengeneze mwingine, na mwingine. Unadhani mabaka yaliongeza uvujaji? Kwa wastani yaliupunguza! Maji hayawezi kuyakwepa mabaka mabaya yote, na kila yanapozunguka yanachelewa.

Wako wasioiamini kompyuta mpaka waone. Waholanzi, mwaka 2009, walijenga matuta ya kweli, wakayajaza vipimo, wakapandisha maji mpaka yakavunjika, makusudi kabisa! Wengine huweka bwawa dogo kwenye mashine inayozunguka kwa kasi mpaka uzito wake unakuwa mara 100. Humo maji hupenya kana kwamba muda umekunjwa mara 10,000: siku moja kwenye mashine ni miaka 27 kwenye bwawa halisi.

Na kama Excel imekuchosha, ipo MODFLOW, programu ya maji ya ardhini iliyotolewa na shirika la jiolojia la serikali ya Marekani mwaka 1984. Bei yake? Bure! Mpaka leo!

Namalizia na Jules Dupuit. Mwaka 1863 alitaka kujua maji kiasi gani yanapita kwenye tuta lenye kuta wima, na ili apate njia ya mkato akajifanya kwamba maji yanatembea kwa ulalo tu. Si kweli, na yeye alijua si kweli. Hata mstari wa maji aliouchora ndani ya tuta unapita chini ya ule halisi. Kwa hiyo kiasi cha maji alichopata ni cha kukadiria, sivyo? Wengi waliamini hivyo, mpaka mwaka 1951 Mrusi Charny alipokaa na kuthibitisha kwamba jibu la Dupuit ni sahihi kabisa, bila kasoro hata tone. Mstari mbovu, jibu kamili, na ilichukua miaka 88 mtu kuthibitisha!